Marufuku pekee hazijengi utamaduni

Msichana anayejipaka mkorogo usoni katika chumba cha kupanga, Manzese au Tandale, hakuamrishwa na mtu. Hakuna mkoloni aliyesimama mlangoni na kiboko. Amejiamrisha mwenyewe, baada ya kutazama picha na filamu kwa miaka mingi na kufundishwa polepole kwamba uzuri una rangi moja, na rangi hiyo si yake. Dawa hizo nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo, lakini yeye hanunui zebaki. Ananunua heshima aliyoambiwa kuwa hana.

Hiyo ndiyo nguvu ya utamaduni wa burudani. Muziki, filamu, mavazi na picha haviingii katika nchi kwa mtutu wa bunduki. Huingia kwa raha, na vikishaingia hugeuza mambo ya ndani kabisa ya mtu: jinsi anavyojitazama katika kioo, mchumba anayemtamani, harusi anayoikopea fedha, hata kazi anayoionea aibu. Kinachoingia kwa raha hakitoki kwa kiboko. Historia ya Tanzania yenyewe inalithibitisha jambo hilo.

Mwalimu Julius Nyerere alilitambua tatizo mapema. Katika hotuba yake kwa Bunge mwezi Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba, twist na waltz, hali ngoma za wazee wao hawakuzijua hata kwa majina. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Shule za kikoloni zilikuwa zimewapandikiza Waafrika kasumba ya kudharau kila kilicho chao.

Lakini baina ya kuitambua kasumba na kuiondoa kuna safari ndefu, na katika safari hiyo makosa yalifanyika. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita vimini, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Kampeni hiyo, iliyojulikana kama Operesheni Vijana, ilipangiwa kuanza Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana wa kiume yalikwisha kuwavamia wanawake Kariakoo, yakiwavuta na kuwachania nguo hadharani. Mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani nao ukaupiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam.

Yafaa kuuliza ni nani aliyelipa gharama ya vita hivyo. Hakuwa tajiri aliyeviagiza vimini, wala kampuni ya ng'ambo iliyovitengeneza. Alikuwa karani wa kike aliyekuwa akisubiri basi baada ya kazi. Tena mwanamume aliyemcheka alikuwa amevaa suruali na shati, mavazi ambayo nayo hayakubuniwa na babu yake. Wasomaji walioandika barua magazetini wakati ule waliliona hilo, na mjadala ukawa mkali. Ajabu zaidi, katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Wamasai walikuwa wakishurutishwa kuacha shuka na ngozi ili waonekane wameendelea. Kwa hiyo mmoja aliadhibiwa kwa kuiga wageni, na mwingine kwa kutowaiga. Sera yenye ndimi mbili kama hiyo haiwezi kumshawishi kijana, kwa sababu kijana ana macho.

Marufuku hizo zilipita. Vimini vilirudi, na soul ikaendelea kusikilizwa. Kilichobaki ni kile kilichotengenezwa, wala si kile kilichokatazwa.

Kwani upande wa pili wa historia hiyo ni wa fahari. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Majeshi, mashirika ya umma na halmashauri vikafuata mfano huo. Umoja wa Vijana wa TANU wenyewe, uliopiga vita vimini, ukawa na bendi ya Vijana Jazz. Mwaka 1978 likazaliwa Mlimani Park. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mwanamuziki alilipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine. Radio Tanzania Dar es Salaam ikawarekodi na kuwapeleka hadi vijijini.

Magitaa yale yalitoka ng'ambo, na mtindo wenyewe ulichota sana kutoka Kuba na Kongo. Hata hivyo hakuna aliyeuona kuwa wa kigeni, kwa sababu uliwaimbia watu maisha yao kwa Kiswahili chao: ndoa inayoyumba, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, ndugu aliyepotelea mjini. Mitindo ikapewa majina ya ngoma: Sikinde, Msondo. Ngoma ambazo Mwalimu alihofia zingesahaulika zikarudi kwa mlango wa dansi, pasipo mtu kukamatwa wala kuchaniwa nguo. Mkulima wa Songea na kuli wa bandarini walijikuta wanaucheka wimbo mmoja na kuulilia wimbo mmoja. Ndivyo taifa linavyofumwa.

Kasoro ilikuwepo, tena kubwa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na wapigaji iliwabidi kuzifuata Nairobi. Kaseti zilipoenea, wafanyabiashara walinakili nyimbo bila kumwuliza mtunzi. Waliolifurahisha taifa zima wakazeeka mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati baadhi yao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Leo mlango umekuwa mpana zaidi. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Sasa kila kijana ana sinema mfukoni mwake, na hakuna forodha inayoweza kuipekua simu. Wanaodhani kwamba orodha ya nyimbo zilizofungiwa itailinda nchi wanajidanganya. Wimbo ukifungiwa redioni asubuhi, jioni umekwisha kusambazwa simuni, tena sasa una utamu wa kitu kilichokatazwa.

Lakini ni kosa pia kusema kwamba kwa kuwa milango haifungiki, basi kila kitu ni sawa. Mkorogo unaharibu ngozi na figo za binti za watu. Harusi za kuigiza sinema zinawaacha maharusi na madeni kabla hawajanunua kitanda. Kijana anayeamini kwamba mtu ni gari na cheni ya dhahabu ataidharau jembe na karakana, na nchi inayodharau kazi haiwezi kujitegemea. Hayo si mambo ya anasa ya wasomi. Ni mambo ya chakula na afya.

Silaha iliyo thabiti ni ile iliyofanya kazi zamani: kutengeneza. Singeli, iliyozaliwa katika vitongoji maskini vya Dar es Salaam bila fedha ya mfadhili, inaonyesha kwamba ubunifu haujakauka. Hatua zinazohitajika zinajulikana. Shule zipatiwe ala za muziki na walimu wa kuzifundisha. Mtunzi alipwe kila wimbo wake unapopigwa, ili asilazimike kuuza matusi ndipo ale. Halmashauri zirudishe kumbi za burudani ambazo mfanyakazi na mkewe wanaweza kuingia bila hofu. Sheria iwaandame waingizaji wa dawa zenye sumu, si msichana aliyezinunua. Na wazazi waketi na watoto wao, wazitazame pamoja hizo picha na kuulizana: nani ametengeneza hii, na anataka kuuza nini?

Mtoto aliyefundishwa kuuliza swali hilo ana ngao ambayo hakuna azimio la mkutano linaloweza kumpa. Taifa linaloimba nyimbo zake lenyewe halihitaji kuziogopa nyimbo za jirani.