Dhahabu ya Kilwa Mjini Lisbon

Wasafiri wetu waendao Ulaya, wawe ni wanafunzi, wafanyabiashara au watumishi wa serikali waliopelekwa mikutanoni, aghalabu huutazama mji mkongwe wa Lisbon kwa jicho lile lile walitazamalo kila mji wa fahari: hupiga picha chini ya sanamu, hupanda tramu ya manjano, hula vikeki vya mayai vinavyosifika huko, kisha hurejea makwao wakiyasimulia mandhari. Sina ugomvi na starehe hiyo, maana mji ule ni mzuri kweli kweli. Lakini nadai ya kwamba mtu wa mwambao wetu aingiaye Lisbon kama mgeni mtupu, asiye na dai wala kumbukumbu mahali pale, amekwenda nusu ya safari.

Matembezi yaanzie pale walipokaa wafalme wenyewe, ukingoni mwa mto Tejo, katika uwanja uitwao Praça do Comércio, ambao wenyeji wengi hata leo huuita kwa jina lake la kale, Terreiro do Paço, yaani Uwanja wa Kasri. Hapo ndipo Mfalme Manuel wa Kwanza alipojenga makao yake mwanzoni mwa karne ya 16, na humo humo, karibu na maji, akaiweka Casa da Índia, idara iliyopokea, iliyopima na iliyotoza ushuru shehena za pilipili, mdalasini na bidhaa nyinginezo za thamani zilizoletwa na marikebu kutoka Bahari ya Hindi. Si wafalme wengi walioridhia kulala juu ya ghala, lakini huyu aliridhia, na ukijua kilichokuwamo ghalani hutamlaumu.

Kasri hilo leo halipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa wamejaa makanisani na mishumaa ikiwaka madhabahuni, ardhi ilitetemeka kwa zilizala ambayo Ulaya haijaisahau. Waliosalimika wakakimbilia ukingoni mwa mto, na mto nao ukawajia kwa wimbi kubwa kutoka baharini, kisha moto ukaunguza kwa siku kadhaa yale yaliyosazwa na maji. Ikateketea maktaba ya mfalme yenye vitabu wapata 70,000, na pamoja nayo nyaraka nyingi za mabaharia waliokuja kwetu. Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyepata baadaye cheo cha Marquês de Pombal, akawakabidhi wahandisi Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel kazi ya kuujenga upya mtaa wa bondeni, Baixa, na ndio huu tuuonao: njia zilizonyoka kama uzi, nyumba za kimo kimoja, kila njia ikipewa jina la kazi yake, hii ya dhahabu, hii ya fedha, hii ya washona viatu. Siri yake imo ndani ya kuta. Kama boriti za mikoko zinavyobeba dari za Lamu na Unguja, ndivyo mbao zilizopishanishwa kwa misalaba zinavyozibeba nyumba hizo, ili zitikisike pasipo kuanguka; na yasimuliwa kwamba askari waliamrishwa kupiga mguu kwa vishindo kukizunguka kielelezo cha nyumba hizo ili kuujaribu ustadi wa mafundi. Nakiri kuwa mtaa huu wanipendeza kuliko makasri mengi ya Ulaya, kwa kuwa katika kuujenga akili ilitangulia na mapambo yakafuata nyuma.

Hata hivyo, msafiri ainue macho. Juu ya tao kubwa la Rua Augusta, lililokamilishwa katika karne ya 19, amesimama Vasco da Gama wa mawe, akiutazama mto. Na chini, kando ya sanamu ya Mfalme José iliyozinduliwa mwaka 1775, yuko tembo aliyechongwa kuashiria nchi za mbali. Huyu Vasco ndiye aliyetia nanga Kilwa mwaka 1502, akatishia kuuteketeza mji iwapo mtawala wake, Amiri Ibrahim, hatakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Tarehe za Wareno wenyewe zaeleza kuwa Ibrahim alimtoa rehani tajiri mmoja wa mji, Mohamed, kisha akakataa kulipa, na tajiri yule akalazimika kujikomboa kwa mali yake. Dhahabu ikapakiwa, ikafika Lisbon mwaka 1503. Tutakutana nayo.

Kutoka hapo panda hadi Rossio, uwanja uliosakafiwa vijiwe vyeupe na vyeusi kwa umbo la mawimbi, hata mtu hudhani sakafu inakwenda naye. Kando yake liko kanisa la São Domingos, ambalo ndani lingali na makovu ya moto wa mwaka 1959, na nje yake pana kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa kwa maelfu na halaiki ya watu mwezi wa Aprili 1506. Leo katika kiwanja hicho hukusanyika Waafrika, hasa watu wa Guinea-Bissau, wakiuza, wakisalimiana na kupeana habari za kwao, na ni vigumu kupita bila kusimama kidogo.

Juu ya kilima, upande wa magharibi, ziko nguzo na matao ya kanisa la Carmo, lililoezuliwa na zilizala ile na likaachwa hivyo hivyo, mbingu ikiwa ndiyo dari yake. Kambi iliyo jirani yake ndiyo alimojificha Waziri Mkuu Marcelo Caetano tarehe 25 Aprili 1974, hata Kapteni Salgueiro Maia alipoizingira kwa askari na magari ya vita, na jioni serikali ikasalimu amri. Maofisa walioipindua walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea na Msumbiji, na vita vya Msumbiji viliongozwa na FRELIMO, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam asimamapo katika kiwanja kile chenye vivuli vya miti asijione mpita njia. Mji wake una fungu katika ukombozi wa Wareno wenyewe, jambo ambalo ni nadra kulisikia likisemwa, hata kwetu.

Ukishuka tena kuelekea magharibi utakata njia iitwayo Rua do Poço dos Negros, ambayo jina lake laikumbusha amri ya Mfalme Manuel ya mwaka 1515, ya kuchimbwa shimo la kutupiwa maiti za watumwa. Mbele yake ndiko liliko jumba la makumbusho, Museu Nacional de Arte Antiga, na humo ndani ya kioo imewekwa monstransi ya Belém, chombo cha kuonyeshea hostia, yaani mkate mtakatifu wa Wakatoliki, kazi inayonasibishwa na sonara Gil Vicente. Kimo chake hakifiki mita moja. Mitume kumi na wawili, kila mmoja na rangi za joho lake, wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, na juu yao njiwa mweupe ametandaza mbawa. Lakini inama utazame kitako. Pamezungushwa maandishi yasemayo kwamba Mfalme Manuel aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, nacho kilikamilika mwaka 1506. Mwaka uliotangulia, Mreno Francisco de Almeida alikuwa amekwisha kuiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Wako watakaosema chombo hicho kirudishwe. Siungani nao. Dhahabu ya Kilwa ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikipitia Sofala, na tukianza kuirejesha kwa mwenyewe itaipita Kilwa bila kutua. Fauka ya hayo, mkono ulioifua ni wa Mreno na ibada iliyokusudiwa ni yake. Ninachokitaka ni kidogo zaidi na chenye insafu: nakala yake kamili iwekwe Kilwa, ambayo magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, ili mtoto wa shule aliyeonyeshwa kasri la kale la Husuni Kubwa aonyeshwe pia mahali ilikokwenda mali ya mji wake, na pale Lisbon, pembeni mwa kioo, pawe na maelezo kwa Kiswahili. Makumbusho ya Taifa na wizara inayohusika na mambo ya kale wana uwezo wa kuandika barua ya kuomba mambo hayo mawili. Na waiandike mwaka huu.