MAMBO YA NYUMBANI: Fundi Aliyeumia Kichwa

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya fundi seremala mmoja wa hapa jirani na Kipalapala, ambaye jina lake hatulitaji. Alikuwa amepakiwa katika bodaboda akitoka Tabora mjini, bila kofia ngumu, wakaanguka. Alilala siku kumi na moja pasipo fahamu. Aliporudi nyumbani watu walishangilia, wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza.

Mwili ulipona upesi. Lakini alipima ubao mara tatu, na kila mara akasahau kipimo kabla ya kushika msumeno. Mchana alisinzia juu ya meza ya kazi. Jambo dogo lilimtia hasira kali, yeye aliyekuwa mpole. Mwenye karakana akamwondoa, akisema ni mvivu. Jamaa wakanong'ona habari za uchawi. Na mkewe alikwisha funga mzigo arudi kwao.

Sisi nasi tulikosa. Tulikwenda kumwonya juu ya uvivu, mbele ya watoto wake. Twaona haya kuliandika.

Jeraha la ubongo halionekani kama kovu la mguu. Waganga hulipima kwa hesabu iliyotungwa Glasgow mwaka 1974: mgonjwa hupewa alama tangu 3 hata 15, kwa jinsi afumbuavyo macho, asemavyo na atikisavyo viungo. Mwenye 8 au pungufu ameumia vibaya. Huyo huweza kuendelea kupata nafuu miezi mingi, hata miaka, ila uchovu, usahaulifu na hasira huweza kubaki.

Iko habari ya msimamizi wa kazi ya reli huko Marekani, Phineas Gage. Mwaka 1848 baruti ililipuka, na mtaimbo wa kilo 6 ukapenya shavuni ukatokea utosini. Akapona, lakini waliomwajiri hawakumrudisha kazini, kwa kuwa tabia yake imegeuka. Wengi huisimulia habari hii wakaishia hapo, nao wakosa. Baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria miaka kadhaa. Wako wataalamu wanaodhani kwamba kazi ile yenye utaratibu, siku kwa siku, ndiyo iliyomjenga tena. Alikufa mwaka 1860, akiwa ameshikwa na kifafa.

Mke wa fundi hakuondoka. Alinunua daftari, kila asubuhi huandikwa humo kazi za siku. Fundi mwingine akampokea kwa saa mbili tu kila asubuhi, kazi moja tu: kupiga msasa. Kwa kuwa kifafa kilimshika mara mbili, ngazi na msumeno wa umeme alikatazwa, wala dawa haachi pasipo neno la mganga. Sasa hufanya kazi hata saa sita, kisha hulala. Fedha ni nusu ya zile za zamani.

Walioajiriwa wajue pia: aliyeumia kazini na aulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3.

Juma lililopita tulimpa kazi ya mlango wa darasa letu. Aliandika kipimo juu ya ubao wenyewe, akakisoma, akakata. Mlango umeingia sawasawa. Bawaba moja imepinda kidogo, naye ameandika katika daftari kwamba atakuja Alhamisi kuinyosha.