Kung'oa thamostati si dawa ya Ngomo

Mwandishi aliyewashauri madereva wa Mudaka wang'oe thamostati ili lori lenye trela lisichemke mlimani amewapa ushauri wa hasara. Injini ikishapata moto kwenye mwinuko, thamostati nzima huwa tayari imefunguka yote. Tena katika injini nyingi za dizeli, ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Hapo umemlipa fundi akuchemshie gari.

Anayetoka Uvira na shehena akaukabili mpando wa Ngomo kuja Bukavu aanze kwa kukagua rejeta iliyozibwa na tope na mkanda wa feni uliolegea. Kisha ajikague mwenyewe: kung'ang'ania gia kubwa kunazungusha feni na pampu ya maji polepole wakati joto ndilo kubwa. Gia ishushwe mapema, kabla injini haijaanza kulemewa. Mshale ukizidi kupanda, simama, weka kigingi (jiwe likitumika, liondolewe barabarani baadaye, tafadhali), na kama maji hayavuji, acha injini ingurume bila mzigo.

Mfuniko wa rejeta usiguswe ukiwa wa moto. Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95; shinikizo la mfuniko ndilo linaloyazuia. Mfuniko uliochoka ndio wa kubadilishwa, na bei yake haifiki popote karibu na ya silinda hedi.