Meno Bandia, Udhu na Herufi Nne



Wiki hii tumeletewa suali na mama mmoja, mtu mzima, aliyeng'olewa meno yote ya juu. Wanawe wataka atengezewe meno bandia, naye ameingiwa na wasiwasi: je, huko si kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu? Na udhu wake utasihi? Tumeona tumjibu hapa, kwani wako wengi mfano wake, ambao hujitenga sinia likiwekwa na hufunika kinywa kwa ncha ya leso wakicheka.

Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Habari hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, na mafakihi wakayapimia meno hapo. Ikiwa dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa mwanamume, iliruhusiwa kwa haja, jino la akriliki lina taabu gani? Kilichokatazwa ni kuchonga meno mazima na kuyaachanisha kwa ajili ya urembo. Kuziba pengo ni kurudisha kilichopotea.

Ama udhu, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i kusukutua ni sunna, wala hakumo katika nguzo 6. Asiyeyatoa, udhu wake ni sahihi. Saumu nayo haiharibiki; ayasafishe tu baada ya daku, asije akameza mabaki ya chakula.

Lakini lipo jambo ambalo mama hakuliuliza, nasi twaliona kubwa zaidi. Waliosoma tajwidi wajua kwamba thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu; na faa hutoka kwa ncha za meno hayo hayo pamoja na mdomo wa chini kwa ndani. Aliyepoteza meno hayo, herufi nne humponyoka. Ana udhuru, hapana shaka. Hata hivyo, ni mabibi wangapi waliokuwa wakiwasomesha wajukuu Juzuu Amma, kisha wakanyamaza kwa kuona haya? Meno bandia huweza kuwarudisha msalani na kitabuni, ingawa si kwa siku moja. Mwanzo ulimi huyaona mageni, mate huzidi, maneno huteleza. Basi na asome kwa sauti akiwa peke yake, kidogo kidogo, mpaka ulimi uzoee.

Chakula nacho kiwe laini kwanza, kitafunwe pande zote mbili. Kashata na bisi zingoje. Na tambuu yenye tumbaku, mama, hiyo haingoji, iachwe kabisa.

Usiku ayatoe ayaweke ndani ya maji, ufizi upumzike. Ayasugue kwa brashi laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Asiyachemshe, kwani maji ya moto huyapinda. Mfupa wa taya huendelea kupungua baada ya meno kung'olewa, hivyo yaliyokaa vizuri leo yatalegea baada ya miaka. Yakilegea au yakitia kidonda, asivumilie wala asiyakwangue kwa kisu; arudi kwa daktari wa meno ayarekebishe. Wanawe nao wamuulize daktari wangoje muda gani ufizi upone kabla ya kupimwa.

Wallahu a'lam.