Anzeni Chini ya Karatasi

Mkongomani au Mrundi aliyekula kiapo cha uraia wa Marekani na kufanya makazi yake Portland au Lewiston, jimboni Maine, anaweza kupiga kura mezani kwake. Haulizwi sababu. Akiomba, karatasi ya kura humfikia kwa posta takriban mwezi mmoja kabla ya siku ya uchaguzi. Mtanzania aishiye ughaibuni hana njia ya kupiga kura ya nyumbani akiwa huko. Mkenya anayo, lakini nyembamba: mwaka 2022 vituo vilifunguliwa katika nchi 12, waliojiandikisha walikuwa elfu kumi na ushei, nao walimchagua rais tu, si gavana wala diwani.

Ndiyo maana inatuuma kuona karatasi hiyo ikijazwa kwa dakika tatu: jina kubwa la juu, kisha bahasha ifungwe. Ushauri wetu ni kuanza chini.

Huko chini yumo sherifu wa kaunti, ambaye ndiye msimamizi wa jela. Wamo madiwani. Wamo wajumbe wa bodi ya shule, ambao mezani kwao hupita bajeti ya walimu wanaowafundisha Kiingereza watoto waliofika juzi. Wagombea hawa wanapatikana. Mpigie simu, muulize ana mpango gani na wakalimani shuleni, na umpime kwa jibu lake.

Halafu kuna kura ya maoni, na hapa ndipo mwezi mzima wa kukaa na karatasi unapokuwa na faida. Maine imewapa wananchi uwezo wa kupeleka sheria moja kwa moja kwa wapiga kura tangu 1908, na si sheria za mapambo. Mwaka 2017 walipitisha upanuzi wa bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Gavana wa wakati huo aliupinga, na ulianza kutekelezwa Januari 2019 alipoingia mwingine. Mwaka 2020 wakazi wa Portland waliweka ukomo wa kupandisha kodi za nyumba. Ni mambo ya tumboni na ya paani haya, na yaliamuliwa kwa Ndiyo na Hapana.

Lakini Ndiyo ya nini? Katika kura ya maoni ya katiba ya 2005, Wakenya walipewa picha mbili tu: ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana. Maine hupewa aya ya maneno, na aya hiyo lazima isomwe mpaka mwisho. Novemba 2025 waliopendekeza Swali la 1 walilinadi kuwa ni suala la kuonyesha kitambulisho chenye picha. Ndani yake mlikuwa na mengi zaidi: kupunguza siku mbili za kura ya posta, kumzuia ndugu asimwombee mwenzake karatasi, kuwaondolea wazee na watu wenye ulemavu utaratibu wa kutumiwa karatasi kila uchaguzi bila kuomba upya, kupunguza masanduku ya kurudishia kura. Karibu wapiga kura wawili kati ya watatu walisema Hapana. Mtu anaweza kukipenda kitambulisho na bado akakataa kumpokonya bibi yake karatasi. Anachohitaji ni kujua kwamba vyote viwili vimo katika swali moja.

Basi ulizeni mambo matatu. Sheria ya leo inasemaje? Ndiyo itabadilisha nini hasa? Nani atalipa? Ofisi ya uchaguzi ya jimbo huchapisha mwongozo wenye maandishi kamili ya kila swali la jimbo na makadirio ya gharama. Asiyeweza kusoma ana haki kisheria ya kusaidiwa na mtu amtakaye, mradi si mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi asome; kuchagua si kazi yake, hata kama ni mchungaji au mwenyekiti wa jumuiya.

Tunasema hili kwa uzito: kura hii ni ya raia peke yake. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, au anayesubiri uamuzi wa hifadhi, asijiandikishe hata akishawishiwa na mtu mwenye fomu mkononi. Ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini.

Ukimaliza, tia sahihi kwenye bahasha ya kurudishia, pale palipoandikwa. Karatasi lazima iwe imefika kwa karani wa mji kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Kwamba posta iliigonga muhuri mapema hakusaidii kitu. Ikiwa imebaki wiki moja na bado iko mezani, usiitume tena. Ipeleke mwenyewe ofisini kwa karani.