Utulivu nao ni bidhaa

Soko la utalii la Kerala, kusini mwa India, lina funzo kwa mwenye mtaji mdogo. Kettuvallam zilikuwa mashua za kubeba mpunga, mbao zake zikishonwa kwa kamba za usumba bila misumari. Malori yalipozinyang'anya mzigo, wenye mashua walitia vitanda na kupakia watalii. Faida ilionekana, kila mmoja akaiga. Leo, katika msimu wa Desemba na Januari, mashua husongamana kwenye mifereji ya Alappuzha, injini zikinguruma. Bidhaa iliyokuwa ikiuzwa ni utulivu, na ndiyo inayokwisha ghalani.

Kwa maoni yetu, msafiri anayejali fedha yake aipite Kovalam yenye umati, alale Marari, ufuko wa wavuvi, kisha apange chumba kwa wenyeji wa Kuttanad na atembezwe kwa mtumbwi wa kasia. Mwekezaji naye, kabla ya kuongeza vitanda, ajiulize: mgeni atakikuta alichokifuata? Vitanda vichache vyenye bei nzuri hudumu kuliko vingi vinavyogombania mteja.