Rasilimali watu: mhitimu wa Mtopanga anaingia kazi gani?

Kila vyuo vikuu vinapofanya mahafali, huzuka kundi la vijana waliokwisha kujichagulia ofisi moja tu maishani: idara ya wafanyakazi katika benki ya kimataifa. Zamani msomi alitamani uwakili, udaktari au ualimu. Siku hizi, hapa kwetu Mtopanga, ukimwuliza kijana aliyetoka chuoni anataka kazi gani, si ajabu akujibu kwa herufi mbili za Kiingereza, "HR", kisha anyamaze kana kwamba amekwisha kueleza kila kitu. Mimi nadhani hajaeleza. Na kwa kuwa wengi wa wanaomsukuma kwenye mlango huo ni sisi walimu wake, yafaa tujue kuna nini ndani.

Benki za namna hiyo si ngeni pwani. Benki ya Standard ilifungua tawi lake la kwanza nchini hapa hapa Mombasa, Treasury Square, mwaka wa 1911. Ilipofika 1969 ikaungana na Chartered, na ndipo likapatikana jina tulijualo sote. Ila tawi ni tawi. Anayetafuta kazi ya kusimamia wafanyakazi katika Standard Chartered, Absa au Citibank hataipata kwa kuvuka Daraja la Nyali asubuhi na kurejea jioni kwa matatu. Makao ya benki hizo yako Nairobi, na sehemu ya kazi yenyewe haiko hata huko. Standard Chartered ina vituo vikubwa vya huduma katika miji ya Chennai na Kuala Lumpur, na mambo mengi ambayo zamani karani wa ghorofa ya pili aliyamaliza kwa faili na muhuri, leo humalizwa na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Kijana anayeota kiti na meza afahamu kwamba meza hiyo imegawanywa vipande.

Mpango wa wanagenzi katika benki hizi huchukua aghalabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mhitimu huzungushwa: miezi kadhaa kwenye uajiri, kadhaa kwenye mafunzo, kadhaa kwenye mishahara, kadhaa kwenye migogoro. Kabla ya kufika huko hupepetwa kwa tarakilishi. Hujaza fomu, hufanya mtihani wa hesabu na mantiki akikimbizana na saa, kisha huhojiwa na kamera isiyoitikia salamu. Mtoto aliyefunzwa kusubiri mkubwa amalize kusema ndipo naye aseme, huenda akabaki ameduwaa mbele ya kioo. Wala mashine hiyo si hakimu asiye na upendeleo. Mwaka wa 2018 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imelazimika kuutupa mtambo wake wa kuchuja maombi ya kazi, kwa kuwa ulijifunza kutoka kwa maombi ya miaka ya nyuma, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, ukawa unawabagua wanawake. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri pakubwa. Ni wanafunzi wangapi wanaojua hayo? Na je, mwanagenzi atakayekabidhiwa mtambo huo auendeshe, anayajua?

Akishaingia, hatakutana kwanza na mikutano ya mikakati kama alivyosoma vitabuni. Atakutana na mishahara. Ajue kwamba makato ya mwezi huu sharti yafike serikalini kabla ya tarehe 9 ya mwezi ujao kupita. Kwamba ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Kwamba tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeipisha ile ya SHIF, ambayo huchukua asilimia 2.75 ya mshahara wote. Akikosea nukta moja, watu mia watafoka. Kazi hiyo haina fahari, lakini ndiyo inayomfunza kijana kwamba kila tarakimu ina mtu nyuma yake, na mtu huyo ana karo ya kulipa.

Mniwie radhi nikirudi kidogo kwenye taaluma yangu. Jina la kazi hii lina kisa. Zamani tulisema "utumishi", neno linalomtazama mtu na kazi yake. Kisha tukalipokea "rasilimali watu", ambalo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Rasilimali ni neno la Kiarabu: rasi ni kichwa, mali ni mali, yaani mtaji, kile kinachotangulia biashara. Basi kwa jina hili mfanyakazi amewekwa safu moja na fedha na mitambo. Wako wanaosema hiyo ni heshima, kwa maana mtaji hutunzwa. Sawa, lakini mtaji pia huhamishwa, hupunguzwa na hufungiwa hesabu. Mwaka wa 1997 mwanazuoni wa Marekani, Dave Ulrich, alitoa kitabu kilichobadilisha idara hizi duniani kote. Humo alimtaka ofisa wa wafanyakazi awe mshirika wa biashara na pia mtetezi wa wafanyakazi. Benki ziliupokea ushirika kwa mikono miwili. Utetezi naona umewekwa kando, ukingojea siku mambo yatakapotulia.

Hayajatulia. Novemba 2015 Standard Chartered ilitangaza kuondoa nafasi 15,000 za kazi duniani. Tangazo kama hilo hutolewa na wakubwa, ila barua huandikwa na vijana wa idara hii. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniletea barua yake ya kuachishwa kazi nimfasirie, kampuni sitaitaja. Ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilitafuta mtenda katika sentensi zake nisimwone. Nafasi "imeathiriwa", mabadiliko "yamehitajika", uamuzi "umefikiwa". Umefikiwa na nani? Katika sarufi tunaiita kauli ya kutendwa, nayo ina kazi zake za halali. Humo ilikuwa imetumiwa kama pazia. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, sasa nani amenifukuza?"

Sheria yetu imelifikiria swali hilo kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinaongeza kwamba kabla ya mtu kuachishwa kwa utovu wa nidhamu, uzembe au kutojimudu kazini, sharti aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenziwe au mwakilishi wa chama kando yake, na asikilizwe. Katika kesi mashuhuri ya 2013 dhidi ya Tume ya Kuajiri Walimu, mahakama ilishikilia kwamba sababu nzuri haitoshi. Utaratibu nao lazima uwe wa haki. Anayekiuka hayo anaweza kuamriwa alipe hadi mishahara ya miezi 12.

Tazama basi kinaya chake. Kijana wa Mtopanga anayekwenda kuomba kazi hii huuficha ustadi wake wa Kiswahili. Nimesoma tawasifu za wanafunzi wangu: Kiswahili hukiandika mwisho kabisa, karibu na kandanda na kusikiliza muziki, kana kwamba ni mchezo. Ilhali mlinzi, mtunza ofisi, dereva na hata karani wa kaunta atakapoitwa kujieleza, anayeweza kumfafanulia shtaka lake kwa maneno yanayoeleweka ndiye anayeilinda benki mahakamani, na ndiye anayemlinda mfanyakazi pia. Sikisii umuhimu wa Kiingereza. Bila hicho hatapita hata fomu ya kwanza. Nasema tu kwamba tumemfundisha kijana kuona haya kwa kitu ambacho sheria inakidai.

Asidhani pia kwamba shahada yatosha. Tangu Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012, kazi hii ina mitihani yake, usajili wake na cheti cha kuitendea. Tena makarani wengi wa benki wana chama chao, BIFU, ambacho hutia sahihi mkataba wa pamoja na Chama cha Mabenki. Mwanagenzi asiyeusoma mkataba huo ataaibishwa na mwakilishi wa chama asiye na digrii hata moja, na atakuwa amestahili.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi. Karatasi ya insha ya KCSE kwa miaka mingi imewatahini watoto kwa barua rasmi, tawasifu, mahojiano na kumbukumbu za mkutano. Hizo ndizo zana hasa za idara ya wafanyakazi, nasi tumezifundisha kama mifupa ya kukaririwa: anwani hapa, mtajo pale, sahihi chini. Muhula ujao mwalimu mmoja wa Kisauni na awape wanafunzi zoezi jingine. Mfanyakazi ameitwa kujibu shtaka la kuchelewa mara tano. Kundi moja liandike barua ya kumwita, jingine majibu yake, jingine kumbukumbu za kikao, na katika karatasi zote tatu kila sentensi iwe na mtenda.